Kipozamataza wa Jangwani na Somo la Kiswahili

Kiswahili kilizaliwa pwani, na hapana mwalimu atakayeona haya kulitamka jambo hilo. Minazi na mikoko, ngalawa na mashua, pepo za kusi na za kaskazi, vyote vimekaa katika lugha hii kama watu wakaavyo katika nyumba waliyoijenga wenyewe. Vitabu vya kusomea ambavyo vimepita mikononi mwetu kwa zaidi ya miaka ishirini ya kufundisha vimeujali sana urithi huo, na vimefanya vyema. Lakini mwalimu afundishaye mbali na bahari hukutana, mapema au baadaye, na mwanafunzi ambaye hufunga kitabu na kuuliza swali lisilokuwamo katika mwongozo wa mwalimu: je, lugha hii ina neno lolote la kusema juu ya mahali petu?

Sisi tunaofundisha Uganda twalijua vizuri swali hilo. Kwa muda mrefu Kiswahili kwetu kilihesabiwa kuwa lugha ya kambi za askari na ya masoko, na wazazi wengi hawakupenda watoto wao wakirudi nyumbani nacho. Mwaka 2005 Katiba yetu ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliafiki kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tumezifurahia hatua hizo. Hata hivyo, sheria yaweza kumketisha mtoto darasani. Haiwezi kumfanya aione lugha kuwa yake. Kazi hiyo imeachwa mikononi mwa mwalimu, naye huifanya kwa maneno madogo madogo ya kila siku.

Katika makala haya tumeazimia kulieleza jambo hilo kwa kumfuata ndege mmoja mdogo ambaye hapatikani Uganda wala Unguja. Ni ndege wa nchi za ukame, mwimbaji, ajengaye kiota chake ardhini baina ya mawe. Tulikutana naye nchini Oman, mwaka 2019, na tangu hapo hatujapata kufundisha somo la msamiati kama tulivyokuwa tukilifundisha zamani.

Yafaa kwanza tumtambulishe. Ndege huyo ni wa jamii ya vipozamataza, jina ambalo kamusi za Kiswahili huwapa ndege wadogo waimbao, wenye rangi ya udongo, wapendao kutembea chini kuliko kukaa mitini. Urefu wake ni sentimita 15 hadi 17 hivi, kuanzia ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Mgongo wake una rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu. Kifua chake kimepauka. Hana kilemba, hana madoa ya kumtambulisha, wala hana rangi yoyote ya kumfanya mpita njia ageuze shingo. Makao yake yaanzia Moroko na kuvuka jangwa la Sahara, Bara Arabu na Uajemi hadi magharibi mwa India. Kwa upande wa kusini wamo wanaoishi kaskazini mwa Somalia. Hula mbegu na wadudu. Sauti yake ni ya upole, ya silabi mbili au tatu, nayo huishia chini kama mtu aliyekata tamaa ya kuitikiwa.

Majina aliyopewa na wataalamu yana mafunzo kwa walimu wa lugha. Mwaka 1823 Mjerumani Martin Lichtenstein, aliyekuwa akiongoza makumbusho ya wanyama mjini Berlin, alimwita kwa Kilatini ndege wa jangwa. Mwaka 1851 Mjerumani mwingine, Jean Cabanis, akampa jina la ukoo, Ammomanes, lililoundwa kwa Kigiriki, maana yake mpenda mchanga. Kwa bahati mbaya mpenda mchanga huyu hapendi mchanga. Tambarare za mchanga mtupu huziepuka. Yeye ni ndege wa miteremko ya mawe, wa makorongo makavu na wa vilima vilivyovunjikavunjika. Jina lilitolewa mezani, mbali na mahali ndege alipo, na hadi leo limebaki kama lilivyo. Aliyetaka kumjua kwa jina lake tu angemtafuta pasipo.

Rangi yake nayo ni jambo la ajabu. Wataalamu wamewagawa vipozamataza wa jangwani katika makundi madogo zaidi ya ishirini, na tofauti iliyo wazi baina yao ni rangi ya manyoya. Wanaoishi penye udongo uliopauka wamepauka. Wanaoishi penye mawe mekundu wana wekundu. Huko Jordan, ambako ardhi imefunikwa na mawe meusi yaliyotokana na volkeno, wako walio karibu kuwa weusi. Sababu yake yafahamika: mwewe huona mbali, na ndege asiyefanana na ardhi yake haishi siku nyingi za kumwezesha kuacha watoto. Kizazi baada ya kizazi, kila nchi imewapaka ndege wake rangi yake. Nao wote wamebaki kuwa ndege mmoja, wenye sauti moja.

Sasa tueleze namna tulivyokutana naye. Rafiki yetu mmoja, tuliyesoma naye chuo cha ualimu na kupata naye stashahada mwaka mmoja, aliolewa Oman katika familia yenye asili ya Unguja. Alituomba twende tukae kwao tuwasomeshe watoto wake Kiswahili, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na kazi ya kutwa mjini. Tulichukua likizo isiyo na malipo, tukakaa huko kuanzia mwanzo wa Februari hadi mwisho wa Aprili. Nyumba yao ilikuwa katika bonde la Sumail, penye mitende inywayo maji ya mfereji wa kale uitwao falaji. Nyuma ya nyumba kilisimama kilima cha mawe ya rangi ya kahawia iliyokoza, kisicho na mti hata mmoja.

Mwenye nyumba hasa alikuwa mama mkwe wa rafiki yetu, ambaye sote tulimwita Bibi. Alizaliwa Unguja, akaondoka huko mwaka 1964 akiwa msichana, na baada ya mwaka 1970 akafika Oman pamoja na wengine wengi waliorejea wakati huo. Kiswahili chake kilikuwa kile ambacho sisi wa bara hukisikiliza kama mtu anywavyo maji ya mtungini. Jioni, kahawa ikishawekwa, alizungumza juu ya miti na samaki na ndege wa kisiwani kwao, kila kimoja kwa jina lake. Lakini alipokielekezea mkono kilima kile alikuwa na neno moja tu. “Jangwa hilo, Mwalimu,” alisema. “Hamna kitu huko.”

Mjukuu wake mkubwa alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Alisoma kwa Kiarabu, akajifunza Kiingereza shuleni, na Kiswahili alikielewa chote lakini hakukisema. Bibi alipomsemesha, yeye alijibu kwa Kiarabu. Bibi naye aliitikia kwa Kiswahili. Na hivyo ndivyo mazungumzo yao yalivyokwenda, kama watu wawili wapitao kando mbili za mto mmoja. Bibi hakulalamika. Siku moja tu, tulipokuwa peke yetu, alisema kwamba kuna mambo anayotaka kumwachia mjukuu wake ambayo kwa Kiarabu hayajui kuyasema. Hapo ndipo tulipofahamu tumeitwa kufanya kazi gani.

Tulianza kwa kitabu. Sura ya kwanza ilikuwa na mnazi, ya pili ilikuwa na wavuvi. Mtoto alisoma vizuri, akajibu maswali ya ufahamu bila kukosea, kisha akarudi kwenye Kiarabu chake. Wiki ya tatu tulimuuliza kwa nini hataki kusema lugha ya bibi yake. Alifikiri kidogo, akajibu kwa Kiarabu, na mama yake akatufasiria: Kiswahili ni cha Bibi, ni cha bahari na cha nazi, na hapa hapana nazi.

Walimu wenzetu, hatukuwa na jibu la kitabuni kwa hoja hiyo. Mtoto alikuwa amesema kweli kuhusu kitabu chetu.

Siku chache baadaye alikuja mbio kutoka kilimani, akatuvuta mkono, akaonyesha ndege mdogo aliyekuwa akitembea juu ya mawe. Kama asingetembea tusingemwona. Mtoto akauliza, safari hii kwa Kiswahili, maana swali lenyewe lilikuwa la Kiswahili: “Mwalimu, huyu anaitwa nani?”

Bibi, aliyekuwa ameketi mlangoni, alituwahi. “Huyo hana jina, mjukuu wangu. Ni ndege wa mawe tu.”

Tulimwambia mtoto kwamba jina analo. Tulimtambua kwa umbo na kwa mwendo wake, kwa kuwa ndugu zake tunao Uganda, nao huimba juu ya vichuguu. Jioni ile tulihakikisha katika kitabu cha ndege. Tukamwambia huyu ni kipozamataza, kipozamataza wa jangwani. Mtoto akalirudia neno hilo refu mara tatu, akacheka, kisha akauliza: “Kipoza? Kama kupoza chai?” Hatudai kwamba hiyo ndiyo asili ya neno hilo. Mwanafunzi wa lugha husikia kwa sikio lake kabla ya kusikia kwa kamusi, na mwalimu mwenye busara humwacha asikie.

Katikati ya Machi mtoto alikigundua kiota. Kilikuwa upande wa kaskazini wa jiwe kubwa, chini ya kishungi cha majani makavu: kishimo kidogo kilichokwanguliwa ardhini na kutandikwa nyuzi za majani. Kwa upande ulio wazi kilizungukwa na vijiwe vilivyopangwa kama baraza mbele ya nyumba. Vijiwe hivyo ni desturi ya ndege huyu, na wataalamu wamevitolea maelezo zaidi ya moja: wako wasemao vinazuia upepo na mchanga, na wako wasemao vinashikilia ukingo wa kiota usibomoke. Kuhusu kivuli hapana ubishi. Kiota kikiwekwa upande usiofaa wa jiwe, mayai yataiva kabla ya adhuhuri. Mayai yalikuwa matatu, meupe yenye vidoadoa vya kahawia. Tulimkataza mtoto asikisogelee, kwa kuwa nyayo na harufu ya mtu huweza kumwongoza paka au mbweha. Kwa hiyo tulikaa mbali, nyuma ya ukuta uliobomoka, tukitumia darubini ndogo ya baba yake.

Hapo lilianza somo ambalo hatukuwa tumeliandalia azimio la kazi. Mtoto alitaka kueleza alichokiona, naye Bibi alitaka kusikia. Ikambidi mtoto aombe maneno. Kiota alikijua, tukamwongezea kuatamia, kuangua, kinda na ubawa. Bibi naye, aliyekuwa akisema kilimani hamna kitu, alianza kutoa maneno ambayo sisi hatukuyajua, ya namna mbalimbali za mawe na za kivuli. Aliyatoa taratibu, kama mtu afunguaye sanduku lililokaa muda mrefu bila kufunguliwa.

Siku moja ya mwisho wa Machi joto lilipanda ghafla. Saa saba mchana tulimtazama jike akiwa kiotani, na hakuwa ameketi. Alikuwa amesimama wima juu ya mayai, mabawa ameyaachanisha na mwili, mdomo wazi, akihema. Kivuli chake kiliangukia mayai yote matatu. Mtoto alitazama kwa muda mrefu, akaishusha darubini, akatamka sentensi yake ya kwanza ya Kiswahili ambayo hakuna aliyemwomba: “Anapoza mayai.”

Tulipofika nyumbani aliirudia mbele ya Bibi. Bibi alinyamaza kwanza. Kisha, kama mwalimu yeyote wa kweli ambavyo angefanya, alimsahihisha: “Anayapoza. Anayapoza mayai yake.” Na mtoto akasema, “Anayapoza mayai yake.” Sisi ambao tumetumia miaka mingi kuandika viambishi vya yambwa ubaoni tulitulia pembeni, tukaona namna kiambishi kinavyofundishwa.

Tangu wakati ule tumesoma zaidi juu ya ndege hawa, na yafaa tuwashirikishe wasomaji mambo machache. Ndege ni kiumbe mwenye damu moto. Hana budi kupoteza maji ili apoe, na jangwani maji ndiyo yasiyokuwapo. Mwaka 2003 Irene Tieleman, Joseph Williams na mwenzao walichapisha utafiti uliowalinganisha vipozamataza wa nchi za mvua na wale wa nchi kavu. Waliona kwamba kadiri nchi inavyozidi ukame, ndivyo ndege wake wanavyotumia nguvu kidogo wakiwa wamepumzika, na ndivyo wanavyopoteza maji machache kwa ngozi na kwa pumzi. Mayai yao pia kwa kawaida huwa machache. Kwa maneno mengine, ndege wa jangwani amejifunza kuishi kwa matumizi madogo. Tena wako wanaoazima nyumba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, watafiti katika jangwa la Saudi Arabia walimwona kipozamataza mwingine, mkubwa kidogo, mwenye mdomo mrefu uliopinda kama wa hudihudi, akijificha mchana ndani ya mashimo ya mjusi ambaye Waarabu humwita dhab.

Lakini matumizi madogo yana mpaka wake. Mwezi wa Juni 2018, katika mji wa Quriyat ulio pwani ya Oman, kwa muda wa siku nzima joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6, hata usiku. Ndege wetu amewekwa na wataalamu katika kundi la wasio na hatari ya kutoweka kwa sasa, na eneo lake ni kubwa mno. Hata hivyo, asimamaye juu ya mayai yake mdomo wazi saa saba mchana hana akiba kubwa ya kutumia siku zikizidi kuwa kali. Hilo hatukuhitaji kumweleza mtoto. Alikuwa ameliona.

Mayai mawili yaliangua. La tatu halikuangua. Jike na dume walileta panzi na viwavi kwa zamu. Siku ya tisa asubuhi kiota kilikuwa kitupu. Tulidhani paka amepita, nasi tulikuwa tukitafuta maneno ya kumfariji mtoto. Yeye akakataa. Alisema tungojee. Baada ya robo saa jike alitua kwenye mawe, hatua thelathini hivi kutoka kiotani, akiwa na panzi mdomoni. Akaingia nyuma ya jiwe, akatoka hana panzi. Mtoto akatueleza, kwa Kiswahili chenye makosa mengi na maana iliyonyooka, kwamba makinda hawakuliwa, wametoka wenyewe, na mama yao anawalisha mafichoni. Vitabu vyathibitisha kwamba makinda wa jamii hii aghalabu hukiacha kiota kabla hawajaweza kuruka vizuri, maana kiota cha ardhini ni mahali pa hatari, na anayetawanyika haliwi pamoja na ndugu yake. Sisi tuliyapata hayo katika vitabu baadaye. Mtoto aliyapata kwa kungoja.

Jioni ile yeye ndiye aliyekuwa msimulizi. Bibi aliuliza, yeye akajibu. Tulipomweleza Bibi kwamba mawe ya kilima kile, kwa mujibu wa wataalamu wa miamba, yalikuwa sakafu ya bahari kabla ya kusukumwa juu ya nchi kavu mamilioni mengi ya miaka iliyopita, alikigeukia kilima, akasema: “Kumbe nimekaa pwani siku zote hizi, hakuna aliyeniambia.” Mjukuu wake alicheka kuliko sote, naye alikuwa amecheka mzaha wa Kiswahili bila kufasiriwa.

Tuliporudi Uganda tulijiuliza ni kipi katika hayo kiwezacho kuvuka bahari. Jibu letu ni la kawaida kabisa. Mtoto yule hakukosa akili, wala hakukosa vitabu, wala bibi wa kumsemesha. Alikosa Kiswahili cha kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba yake. Lugha ilipokipanda kilima hicho, naye akaipanda nayo. Wanafunzi wetu wa bara wana vilima vyao. Wengine wana nchi kavu za kaskazini mashariki, wengine wana vinamasi, wengine wana migomba hadi mlangoni. Tukiwapa mnazi peke yake watausoma, watafaulu mtihani, na watakiacha Kiswahili kwenye dawati.

Kwa hiyo siku hizi huwatoa wanafunzi nje angalau mara moja kwa muhula. Vipozamataza wa kwetu hawahitaji safari ndefu. Yuko yule mwenye kisogo chekundu, asimamaye juu ya kichuguu asubuhi na kurudia wimbo wake mfupi hadi mtu amchoke. Yuko na yule mwingine ambaye hupanda juu angani na kupiga mabawa yake kwa kelele kama mtu akung'utaye kitambaa. Wote hutaga ardhini, katika majani. Wanafunzi huandika wanachokiona kwa Kiswahili, na pale neno linapokosekana huanza kwa kulitaja jina la lugha ya nyumbani. Jina hilo hulipokea ubaoni kwa heshima, kisha tunatafuta pamoja: kamusi yasemaje? Kama kamusi haisemi, tuelezeje kwa maneno tuliyo nayo? Msichana mmoja kutoka Karamoja alitupa siku hiyo jina la ndege huyo kwa lugha ya kwao, pamoja na maelezo ya mahali anapotaga ambayo hatujayaona katika kitabu chochote. Hakuwa amenyosha mkono tangu muhula uanze.

Wako walimu watakaosema kwamba silabasi ni ndefu na mtihani hauulizi ndege. Ni kweli. Lakini mtihani huuliza viambishi vya yambwa, huuliza vitenzi vya kutendesha, huuliza insha ya maelezo, na hayo yote yamo katika kiota kimoja. Wako pia wenye wasiwasi kwamba Kiswahili kitapoteza usanifu wake kikichanganyika na mambo ya kila mahali. Kwa hao twamtaja tena ndege wetu. Ana rangi ya kila nchi anayokaa, na hakuna aliyewahi kumsikia akaidhania sauti yake kuwa ya ndege mwingine.

Bibi alifariki dunia mwaka 2022. Habari hizo hatukuzipata kwa rafiki yetu. Aliyetuandikia alikuwa mjukuu, wakati huo kijana wa miaka kumi na minne, na barua yake ilikuwa ya Kiswahili kuanzia salamu hadi jina lake. Alitueleza siku, saa, na maneno ya mwisho aliyoambiwa na bibi yake. Maneno hayo si yetu kuyatangaza. Itoshe kusema kwamba aliyaelewa, na kwamba alimjibu kwa lugha ile ile.

Walimu wenzetu, kila mmoja wetu anaye mwanafunzi wa namna hiyo darasani, ambaye kuna mtu mzima nyumbani kwake au kijijini kwake anayo mambo ya kumwachia. Muhula ujao, kabla ya kufungua sura ya kwanza, na tutoke nje ya lango la shule pamoja na wanafunzi wetu, tuwaulize ni kitu gani hapo hakina jina la Kiswahili. Kisha tukitafute.